Kabureta ya Baba

Jumamosi, Julai. Njombe.

Ukungu umekaa hadi saa nne leo, na vidole vyangu bado havijapata joto. Labda si baridi tu. Sijatulia tangu simu ya jana.

Aliyepiga ni mdogo wangu Festo, kutoka Makambako. Hata salamu hakumaliza. "Dada, hiyo pikipiki ya Baba usiitengeneze. Acha kabureta ivute hewa. Ikimsumbua kuwaka atachoka mwenyewe, apande basi kama wazee wenzake."

Nikamwambia nitaona.

Namwelewa. Majuzi Baba aliingia kwenye rundo la mbao mchana kweupe, akasema mbao ziliwekwa vibaya. Juzi nilimtazama akimimina chai pembeni ya kikombe. Macho yanaondoka, na hataki yatajwe. Lakini kila Jumapili baada ya misa anakwenda Mahongole kumwona shangazi, dada yake pekee aliyebaki. Anakwenda kwa pikipiki aliyoinunua kabla mimi sijaanza shule, kwenye barabara ya malori.

Na fundi wake ni mimi. Ufundi wenyewe alinifundisha yeye.

Asubuhi nimeifungua kabureta uani, yeye kaketi kwenye kigoda ndani ya koti lake zito. Ubovu uko pale kabureta inapoungana na injini. Uso wa kabureta hapo umepinda kwa kukazwa kupita kiasi miaka yote. Kuna aliyejaribu kuziba kwa gundi ya silikoni, petroli ikailainisha ikawa kama ugali mbichi. Hewa inapenya hapo. Ndiyo maana ukiachia mafuta injini haishuki, inaendelea kulia juu.

Hapo ndipo Festo anapokosea. Pikipiki inayovuta hewa inaweza kusumbua kwenye baridi, lakini ikishapata moto inakwenda. Halafu unafika kwenye mteremko, unaachia mafuta, nayo haitulii. Mzee asiyeona vizuri, lori mbele yake, na injini isiyotii.

Nimelaza msasa juu ya kioo ili ukae sawa, nikasugua uso wa kabureta taratibu mpaka ukang'aa kote. Nimekata gasketi mpya ya kuziba kiungo, nimebadilisha pete ya mpira, nikakaza nati mbili kwa zamu, kidogo kidogo.

"Unakaza kama unamfunga mtoto mgongoni," Baba akanitania. "Ongeza!"

"Ndivyo ilivyopinda, Baba. Kwa kuongeza."

Akacheka. "Haya, mama fundi."

Tukaiwasha, tukaiacha ipate moto. Nikadondoshea maji kwenye kiungo, maana kukiwa na upenyo sauti hubadilika. Haikubadilika. Nikavuta mafuta, nikaachia. Ikashuka, ikatulia.

Nilipaswa kufurahi.

"Kesho Mahongole," akasema, akinyoosha mkono apewe ufunguo. Mkono ukapita kushoto kwa mkono wangu, ukashika hewa.

Sikumpa.

"Kesho naendesha mimi, Baba. Wewe utakaa nyuma."

Uso wake ulibadilika. "Festo amekutuma?"

"Festo aliniambia niiharibu. Nimekataa. Na hili la kukuacha uendeshe, nalo nimekataa."

Aliinuka akaingia ndani. Mchana hakuja mezani. Festo alipiga tena, sikupokea. Nimefua nguo zilizokuwa safi, nimefagia uani mara mbili, huku nikisikiliza mlango wa chumba chake. Sijawahi kumnyima baba yangu kitu mkononi. Nilijiona kama nimempiga.

Jioni akatoka. Alikuwa ameshika kofia ngumu ya marehemu mama, ameipangusa vumbi.

"Mama yako alikaa nyuma miaka yote, hakulalamika," akasema. "Mimi nitalalamika njia nzima."

"Lalamika, Baba."

"Na kwenye kona usilale sana."

"Sawa."

Amekula vizuri usiku, hata akaomba kuongezewa. Lakini nimemwona akiipapasa meza, pale anapowekaga ufunguo.

Nimeulaza chini ya mto wangu. Namjua. Akiamka kabla yangu na kuniomba kwa upole, nitaweza kumnyima mara ya pili?