Mlio Niliouweka Mimi

Mwenzangu, usinipigie, siwezi kuongea. Nimekaa kwenye ngazi za maabara.

Unakijua kile kifaa changu nilichokuchosha nacho mwaka mzima, cha kuvunja mfupa wa mguu wa kulia wa panya pale pale kila mara, ili watafiti wapime unavyounga. Leo ndiyo mara ya kwanza nakiona mahali pake pa kazi. Mimi nilikuwa nakijaribu kwa vipande vya chaki tu.

Wanategesha kifaa kwanza, ndipo wanamchoma panya sindano ya usingizi. Maumivu hayasikii. Hilo sina neno nalo.

Mtunza wanyama akaniomba nikikague. Nikainua kile chuma cha juu, kikanasa. Tak. Ule mlio niliuweka mimi, ili mtu ajue kimeshika. Nilijisifia kwako, unakumbuka.

Chumba kizima kikanyamaza. Panya walikuwa wanakwaruza, wanatafuna, halafu kimya, vizimba vyote. Na wale waliokwisha kuvunjwa wakainua mguu. Wa kulia, wote. Mifupa imeshaunga, mwenzangu, na bado wakauinua.

Nikamwangalia mtunza. Yeye wala habari hana. Ananiambia, "Mlio wenyewe hafifu, siku hizi hatuusikilizi. Wakinyamaza tunajua kimenasa."

Wakinyamaza tunajua kimenasa. Kasema hivyo huku anafuta meza.

Mara mkuu wa maabara akaingia, anataka kingine, cha sungura. Nikasema sawa.

Halafu nikamuuliza anataka mlio uwe mkubwa kiasi gani.