Ngozi ya Ndama wa Adey

Jumatatu, 5 Juni 1995

Asubuhi kama kawaida. Ngozi ya ndama mbele ya Adey, kibuyu chini yake. Anailamba, anaguna, maziwa yanashuka. Ndama wake aliumwa na nyoka wiki iliyopita akafa, na bila kunusa ngozi ile ng'ombe huyu hatoi hata tone. Ndiye mali yangu pekee katika boma hili. Baba alinipa siku ya harusi.

Shuleni: uchumi wa wilaya za milimani. Chai, pareto, ng'ombe wa kukatiwa nyasi. Darasa la sita wakacheka. Nani humkatia ng'ombe nyasi, kwani hana miguu? Hapa Tarbaj mlima wenyewe nauchora ubaoni.

Jumanne, 6 Juni

Ngozi haipo. Mume wangu, Abdullahi, ameondoka alfajiri kwenda Wajir kuuza ngozi za mbuzi. Na yangu imo. Hooyo, mama yake, anasema alisahau tu. Alisahau! Mtoto wa wafugaji, aliyezaliwa kando ya zizi! Tangu Idi anataka Adey auzwe ili yeye apate fungu kwenye pikapu ya rafiki yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Naandika Kiswahili kwa sababu humu ndani ni mimi tu ninayekisoma. Abdullahi anakijua cha kupatana bei tu.

Adey amenipiga teke. Kibuyu kitupu.

Jumatano, 7 Juni

Hatoi. Nimekamua mpaka vidole vimeuma. Nimemwimbia. Nimemtukana. Kiwele kikikauka, nitamtetea kwa lipi? Ng'ombe mkavu hana wakili.

Alhamisi, 8 Juni

Niliomba ruhusa shuleni, nikadandia lori la mbuzi mpaka Wajir. Ghala la ngozi linanuka kuzimu. Mwenye ghala mwenyewe alinisaidia kupekua marundo, Mungu amlipe. Tuliipata. Nikafurahi mapema.

"Mama, bole sana," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii imebigwa dawa ya dudu. Ng'ombe yako haitajua tena."

Nikaichukua hivyo hivyo. Abdullahi nilimkuta hotelini anakunywa chai. Akasema Jumamosi atakuja na mnunuzi. Alisema kama mtu anayenifanyia hisani. Nilitamani kummwagia ile chai.

Ijumaa, 9 Juni

Adey alinusa ngozi, akapiga chafya, akageuka. Basi nikalia. Mbele ya Hooyo, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilingoja mawaidha ya subira.

Yeye alikwenda kwa jirani, akarudi anamburuta ndama yatima, mchafu, mbavu nje. Akampaka chumvi na mkojo wa Adey. Halafu, sijui hata niandikeje, mama huyu mzee, anayenigombeza mtandio wangu ukiteleza, akainua mkia wa Adey, akaweka mdomo kule nyuma na kupuliza. Kwa nguvu. Kama anachochea moto wa kuni mbichi. Mimi mwalimu nikatazama pembeni.

Akatema mate. "Akipulizwa huachia maziwa. Shika kibuyu. Unashangaa nini?"

Adey alitulia. Akamnusa yatima, akamlamba sikio, kisha mgongo. Maziwa yakashuka. Kidogo, lakini yakashuka. Nimecheka na kulia kwa pamoja, sioni aibu.

Jumamosi, 10 Juni

Abdullahi alifika na mnunuzi wake. Hooyo akawakaribisha, akawamiminia chai ya maziwa, wakanywa. Ndipo akamwambia mgeni kwamba ng'ombe aliyetoa maziwa hayo hauzwi, na kwamba mwenyewe ni yule pale, akanielekezea kidevu. Akamtakia safari njema. Abdullahi akamsindikiza mtu wake.

Tulibaki wawili tukifukiza vibuyu vya maziwa. Hooyo hakuniangalia. Alisema naye alipewa ng'ombe na baba yake, mwekundu, na mumewe alimuuza yeye akiwa kisimani. Alirudi na maji, akakuta kamba tu.

Nilimuuliza ng'ombe huyo aliitwa nani.

"Guduudo," akasema upesi. Miaka yote hiyo, na jina lilikuwa bado ulimini. Kisha akaomba nimpe kibuyu kingine.