Pua ya Ndege Ilipoinuka

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za mama yako. Kifua vipi, kikohozi kimekuachia? Na mume wako, bado anakoroma kama gari bovu? Mimi mzima.

Najua umepigiwa simu kwamba mwanao kaharibu ndege, kasimamishwa masomo ya urubani. Najua umesema afadhali, arudi nyumbani. Nisikilize kwanza.

Alinipandisha kindege cha watu wawili, kila mmoja na usukani wake mbele ya tumbo. Akanionya nisiguse kitu. Tukiwa juu huko, injini ikakohoa, ikazima. Mwanangu! Kimya kile sijapata kukisikia. Na mwanao, badala ya kuinua pua ya ndege, akaiinamisha! Nikajua mtoto karukwa na akili, anatuzika. Mara pua ikainuka, ndege ikatetemeka mwili mzima, ikaporomoka kama gunia. Akapiga ukelele, akaisukuma pua chini tena hadi mwendo ukarudi, kisha akaituliza, tukateleza mpaka kwenye nyasi kando ya uwanja. Gurudumu likavunjika. Sisi hata mkwaruzo hatukupata.

Garini, tukirudi, nilimtukana mpaka akautoa mkono wangu nje ya dirisha. Nilipouinua kidogo tu ukingo wa mbele dhidi ya upepo, ulibebwa. Nilipozidisha, upepo ukaacha kuubeba, ukauvuta nyuma. Akasema bawa nalo ni hivyo hivyo: kuna pembe moja ndogo inayokufikisha mbali kuliko zote. Ukiizidisha kwa hamu ya kubaki juu, hewa inaliachia bawa, nawe unaanguka. Nikaurudisha mkono ndani.

Maana aliyeinua pua ile ni mimi. Niliukamata usukani kwa mikono miwili, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mwanao alinichapa kofi mkononi ndipo nikaachia. Kwa mwalimu wake akasema kavuta yeye, akihofia utaniona muuaji. Nami nikamwacha abebe lawama.

Mwalimu huyo ndiye niliyemwomba aniandikie leo, kwa kuwa mimi kuandika sijui. Hapa kalamu imesimama, ananikodolea macho. Nimemwambia: andika, baba, kama ninavyosema, kisha umrudishie mjukuu wangu ndege yake.

Wabusu wadogo. Huyu usimwite nyumbani. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda hata ukinuna.