Kichwa cha Treni Kisichohitaji Kugeuzwa

Shikamoo Baba,

Huku Uingereza mvua inanyesha kutwa. Leo nimepanda treni ya mvuke ya zamani. Kichwa chake ni kifupi, kina matangi ya maji ubavuni. Dereva, mzee wa rika lako, aliniambia kilikuwa kikipeleka wafanyakazi mjini asubuhi na kuwarudisha jioni. "Kinakwenda nyuma sawasawa na mbele," alisema, "kwa hiyo hatukupoteza muda kukigeuza."

Nikamwambia baba yangu naye aliendesha treni za mvuke, kati ya Tura na Tabora. Akanipandisha kwenye kichwa cha treni alipokuwa yeye, akaniacha nivute honi. Baba, ilikuwa kama nakusikia wewe ukipita karibu na kwetu Itetemia, na marehemu Mama akikimbilia jikoni kusonga ugali. Nililia mbele ya watu.

"Baba yako bado yuko hai?" mzee akauliza.

"Yuko hai."

"Sasa unafanya nini huku?"

Miaka tisa sijakuona, Baba! Nimeomba likizo na kukata tiketi. Nitafika kabla mahindi mabichi hayajaisha. Mungu akutunze, nikukute na nguvu zako.

Mwanao,
Tereza