Jezi ya Winga wa Kushoto

Barazani kwa Fundi Kefa,
Njombe Mjini,
Tanganyika.
Tarehe 2 Septemba, 1954.

Mpendwa mwanangu Yoeli,

Kamwene. Naomba barua hii ikukute mzima huko Korogwe kwenye mashamba ya katani. Je, mguu ule uliochomwa na mwiba wa mkonge umepona? Unakula ukashiba? Jumapili mnapata ibada, au nyapara wenu haijui Jumapili? Haya yote anauliza mama yako Idda, nami nimeyaandika kama alivyoyasema.

Sisi huku tunapumua kwa neema ya Mungu. Baridi ya mwaka huu ilikuwa kali, umande uliganda hadi majani ya viazi yakaungua. Mama yako mdogo Bertila hajambo, ila magoti yanamsumbua. Cherehani yangu nayo ina magoti, lakini inakwenda.

Mwanangu, kama umesimama, keti. Kama una mwenzako karibu, mwambie asiondoke. Enoki, mdogo wako, ametutoka. Alishikwa na kichomi kule Makambako mwanzoni mwa Agosti. Wenzake wa kazi ya barabara wakamleta hospitali hapa Njombe kwa lori lao, akafariki asubuhi mama yako akiwa amemshika mkono. Tumemzika karibu na baba yenu, kaka yangu marehemu, chini ya mianzi. Mchungaji alisema maneno mazuri, lakini mimi sikumbuki hata moja. Nilitafuta mtu anayekuja pande hizo akuletee habari hii kwa mdomo, sikumpata, ndiyo maana unaisoma kwenye karatasi. Nisamehe.

Najua utataka kujua aliishije tangu ulipoondoka. Siwezi kukueleza bila kukueleza mpira, maana mwaka wake wa mwisho ulikuwa mwaka wa mpira.

Mimi na timu ya Njombe unatujua. Jezi zao nazishona mimi, na mtu akiisema vibaya Njombe mbele yangu, suruali yake itachelewa sana kuisha. Makambako nako unakujua: njia panda, maduka machache na upepo. Timu yao ni vibarua wa barabara, peku wote, na hata mchezaji wa akiba hawana. Enoki alipokwenda kufanya kazi ya barabara wakamweka winga ya kushoto. Niliposikia nilicheka, nikasema ukoo wetu sasa umepata aibu ya kutosha.

Kabla ya mashindano ya kombe walikuja kwangu na jora la kitambaa cha amerikani niwashonee jezi. Walikuwa wamelichemsha pamoja na magome ya miwati, likatoka na rangi ya tope. Niliwaambia wamefanya la maana, hawatahitaji kuzifua. Enoki alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, akacheka na kusema, "Baba, wewe shona tu. Rangi hiyo mtaijua itakapokuwa inawapita."

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Waliifunga Uwemba, ambao wote walivaa viatu. Wakaifunga Mlangali, ikinyesha mvua isiyo ya msimu wake. Watu wakasema ni dawa. Mimi nilikwenda Makambako kuwaona, nikimdanganya Bertila kwamba napeleka nguo za mteja. Hakuna dawa. Kazini husimama mstari mmoja wakipokezana mawe kutoka kwenye lori hadi barabarani, na mwenye jiwe hana haja ya kumtazama wa pili, anajua mikono iko pale. Mpira waliucheza hivyo hivyo, kwa miguu. Hakuna aliyekaa nao, na mwisho wa mstari daima alikuwa Enoki, kule kushoto. Nilirudi nyumbani kama mtu aliyeiba sadaka. Nilikuwa nimewapenda, Yoeli, na sikuwa na wa kumwambia.

Mvua ile ya siku ya Mlangali ndiyo nadhani ilimwingia kifuani. Sijui. Hospitali hawakusema hivyo.

Siku ya fainali ilikuwa Njombe na Makambako, hapa hapa mjini, na matanga yetu hayajaanuliwa. Sikutaka kwenda. Mama yako ndiye aliyenifukuza nyumbani. Alisema, "Shemeji, nenda ukaone, uje uniambie walichezaje bila yeye."

Walikuja kumi. Viongozi wa Njombe, kwa wema kabisa, waliwapa kijana mmoja aijaze nafasi na avae jezi ya Enoki. Nahumu, kepteni wao, Mkinga wa Matamba, alikataa. Alisema nguo ya marehemu haiingiwi na mtu asiye wa ukoo, tena kabla ya matanga kuanuliwa. Refarii, karani wa bomani, alimweleza kwamba jezi ni mali ya timu, si nguo ya mtu. Nahumu akamjibu taratibu, "Bwana, aliivaa akatokwa na jasho ndani yake. Ni nguo yake." Kisha akanijia mimi katikati ya mashabiki wa Njombe, akanipa jezi kwa mikono miwili, akaniomba nikaishike pembeni mwa kiwanja upande wa kushoto, maana mimi ni ndugu.

Basi nikasimama huko, mimi Kefa, na jezi ya Makambako kifuani mbele ya Njombe nzima.

Wale kumi walicheza, mwanangu. Wakatangulia kupata bao, na nilijikuta nimeikaza ile jezi kama shingo ya kuku. Lakini miguu haisahau upesi. Nahumu alipokea mpira, na bila kutazama akaupeleka kushoto, kama jiwe. Hapakuwa na mtu. Mpira ukabingirika peke yake, ukatoka nje, ukasimama miguuni pangu. Watu wetu wakacheka. Baadaye akafanya tena vile vile, ukaja tena miguuni pangu, na mara hiyo hakuna aliyecheka. Nahumu aliufuata mwenyewe. Nilimpa mpira, na hatukutazamana.

Njombe walisawazisha, na mwishoni kabisa wakapata la pili. Kombe limebaki kwetu. Tangu nianze kupenda mpira ndiyo mara ya kwanza kuomba Njombe wafungwe, na Mungu hakunisikia. Nilipomweleza mama yako alisikiliza hadi mwisho, akauliza tu kama kweli mpira ulikwenda kule kushoto. Nikamwambia ulikwenda mara mbili. Akalia, na nadhani alilia vizuri kuliko siku zote zilizopita.

Sasa sikia yaliyobaki. Nahumu amekataa kuichukua ile jezi. Amesema timu imekubaliana: nguo za marehemu hurithiwa na ndugu yake siku ya kuanua matanga, na hiyo ni mojawapo. Ukitaka kucheza nafasi yake, iko wazi na hawamweki mtu. Usipotaka, jezi ni yako hata hivyo. Mama yako naye amekataa matanga yaanuliwe kabla hujasikia. Tunakungoja wewe.

Jezi inaning'inia juu ya cherehani yangu. Nimeitia mkononi niipanue nikashindwa, maana Enoki alikuwa kimbaumbau na wewe uliondoka ukiwa bado unakua. Katani hupanua mabega, nasikia. Sijui tena upana wa mwanangu. Chukua uzi, mwenzako akupime toka bega hadi bega, ufunge fundo, uutie ndani ya bahasha.

Dada yako Fidelia anakusalimu kwa machozi. Bertila anakusalimu. Nahumu na wenzake wote wa barabara wanakupa pole, nawe nisalimie hao unaolala nao kambi moja. Bwana aliyekulinda ukienda akulinde na njia ya kurudi.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye pamoja na aliyetutoka,

Kefa.

Kama mkataba wako umekwisha na unaweza kuja mwenyewe, uzi usitume. Nitakupima hapa barazani.