Baba Mkwe Anataka Nikimbie, Mume Wangu Anataka Ninyanyue Vyuma

Shangazi mshauri, nakuomba unishike mkono maana nimepotea nikiwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nakuandikia nimekaa juu ya gunia la unga nyuma ya tanuri, miguu imegoma na kichwa nacho hakinipi jibu.

Mimi ni mkimbiaji wa mita mia nane na kazi inayonilisha ni kuoka mikate. Msimu ulipoisha nilishika nafasi ya nne, nikapitwa mwishoni kama mtu aliyesimama kusoma tangazo, na hapo ndipo maneno yalipoanza, kwa sababu kocha wangu ni baba mkwe, amenifundisha tangu kabla sijaolewa, na mume wangu ana ukumbi wa kunyanyua vyuma, kwa hiyo kwetu kila mtu ni mtaalamu isipokuwa mimi. Baba akasema, "Mwanangu, pumzi ndiyo iliyokuangusha. Miezi hii hakuna mashindano, kimbia masafa marefu, polepole, ujaze tangi." Mume wangu akasema, "Pumzi unayo, mke wangu. Nguvu ndiyo huna. Pale mwisho miguu ilitetemeka kama ya ndama. Achana na mbio, njoo kwenye vyuma." Nikamwitikia baba, nikamwitikia na mume, shangazi mimi kukataa sijui, basi alfajiri nakimbia na baba, mchana kutwa nasukuma matoroli ya mikate, nikitoka kazini nabeba vyuma mabegani kwa mume, na kila mmoja anadhani kwa mwenzake naenda kujinyoosha tu.

Jumapili tukiwa mezani kwa wakwe, baba akanitazama akasema, "Amekuwa mwepesi. Mbio hizo." Mume akadakia, "Vyuma hivyo, baba. Mwangalie mapaja." Wakabishana juu ya mapaja yangu kama watu wanaonunua kabati, nami nipo hapo hapo na kijiko mkononi. Mama mkwe peke yake ndiye aliyeuliza, "Mbona huli, mwanangu?" Nikasema nimeshiba, na wala sikuwa nimeshiba, nilichoka hata kutafuna.

Sasa kinachonivuruga kabisa ni kwamba nafanya mazoezi mara mbili ya zamani na miguu inazidi kuwa mizito, kile kilima nilichokuwa nakipanda huku napiga soga sasa nakipanda nimefumba macho, usingizi hauji, na leo mikono imeachia yenyewe, sinia nzima ya mikate ya moto chini, msimamizi akaniambia nikakae. Tena siku zangu zimepotea, huu mwezi wa tatu. Mume alifurahi, akaanza kuniita mama fulani. Nikapima, si mimba. Nikapima tena, si mimba. Akaenda kufuta vumbi vyuma ambavyo havikuwa na vumbi.

Nimfuate nani, shangazi? Nikimwacha baba nitakuwa nimemkosea adabu, nikimwacha mume atasema namdharau, nikiacha vyote nitarudi uwanjani kuwa wa mwisho. Na kama si mimba, ni nini?

Mwoka Mikate

Mwoka Mikate, binti yangu,

Nilicheka ulipofika kwenye kabati. Nilipofika kwenye siku zako nikaacha kucheka. Jambo kubwa kuliko yote umelisukumia mwisho wa barua, kama mtu anayemwambia daktari habari ya kifua akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango!

Nilimsomea barua yako daktari wa wanamichezo. Anasema mwanamke akifanya mazoezi kupita kiasi na kula kidogo, mwili unaanza kubana matumizi: unasimamisha hedhi, na usipoangalia mifupa nayo inadhoofika. Lakini sababu zinaweza kuwa nyingine pia, na hakuna anayepima damu kupitia gazeti. Nenda hospitali wiki hii. Nenda na mume wako, asikie kwa masikio yake.

Sasa nikugombeze. Hiyo unayoiita adabu ni uoga, mama. Hao wawili wanakupenda, lakini kila mmoja anapanga ratiba ya nusu mtu, kwa sababu wewe umemficha ile nusu nyingine.

Nani yuko sahihi? Wote, na hapo ndipo ulipochanganyikiwa. Miezi isiyo na mashindano inataka pumzi na nguvu. Haitaki vyote kila siku. Daktari akikuruhusu, kimbia taratibu siku tatu kwa wiki, nyanyua vyuma siku mbili nyingine, siku zinazobaki upumzike kweli. Matoroli ya mikate nayo ni mazoezi, yahesabiwe. Na ule, ule hasa.

Waketishe wote wawili, mama mkwe awepo, yeye ndiye mwenye macho katika familia hiyo. Sema hivi: "Nimekuwa nafanya ya baba na ya mume wangu kila siku, na sasa naumwa. Pangeni ratiba moja, pamoja. Mkishindwa, natafuta kocha mwingine." Mzee atakunja uso. Mwache akunje. Mume atanuna hadi kesho yake, hajafa mtu kwa kununa.

Alfajiri baba mkwe akija kukugongea, usivae viatu vya mbio. Fungua mlango, mwambie, "Karibu ndani, baba, leo tunakunywa chai."