Ngombe za Doti

Jumamosi, tarehe 7, mwezi wa tisa

Umeme hakuna. Pasi ya makala tena, mukaa na moshi. Kwa muchezo wa leo nimenyoosha kitenge cha "Mama Depute", nimemushonea Kambale mukia mupya wa kamba. Bwana yangu anakuwa ngombe vizuri kuliko anavyokuwa bwana.

Sali, ukumbi wa parokia, ilijaa. Wakimbizi wa kambi walikaa mbele, wao wanaingia bure. Nilicheza muke wa depute, mubunge wetu, siku ya doti, mahari ya binti yake. Kila mutu hapa Goma aliona zile gari za kamiyo zikipeleka ngombe Himbi kwa depute wiki iliyopita. Muchumba wa binti ni mutoto wa mukubwa mumoja wa watu wenye silaha. Nikasema: ngombe zetu ziko na adabu, zikipita karibu ya kambi zinasalimia wenye mali. Kambale akalia "mbuuu", kichwa amewaelekezea wakimbizi. Watu walicheka mupaka viti vikaanguka.

Hiyo ya kusalimia niliitunga asubuhi, nikitwanga majani ya sombe. Sikujua kitu chochote juu ya zile ngombe.

Jumapili, tarehe 8

Mutu alitufilimu. Kutoka misa ya kwanza, video iko katika kila simu. Wamama wa kwaya walinipita bila salamu. Mumoja akarudi, kidole mbele ya pua yangu: siasa sawa, lakini mutoto wa mutu alikukosea nini? Wanasema binti wa depute analia, hakuli. Nikamujibu: na wale walio chini ya bashi, yale maturubai ya kambini, wao si watoto wa watu?

Nilijiona mukali sana. Nimekula vizuri.

Jumanne, tarehe 10

Redio tangu asubuhi ni jina langu: Masika, Masika. Eti sina adabu. Eti adui amenilipa. Adui gani, yarabi, mimi ninayepiga pasi ya makala?

Vijana wa depute walitembea na matawi, wakachoma matairi mbele ya sali. Padri alitufungia mulango. Alisema kwa upole, na hiyo iliniuzi zaidi. Mizinga inasikika upande wa Sake, watu wanakufa kule, na hapa muji muzima umekasirikia mukia wa kamba.

Mama alipiga simu kutoka Butembo. "Masika, uombe musamaha, mutoto yangu." Nilimukatia.

Jumatano, tarehe 11

Wamemukamata Kambale. Kwenye bomba la maji hapa Keshero, bidoni ya maji ingali mukononi. Mimi ndiye nilisema. Yeye alilia tu kama ngombe. Wamechukua yeye.

Nilikwenda kwa kasho, kule wanakofungia watu, walinifukuza. Halafu musaidizi wa depute akanipigia: Jumamosi niseme kwenye redio kwamba ni uongo, na bwana yangu atatoka. Nikakubali papo hapo. Kuna ugumu gani? Ni uongo kweli.

Nimelala upande wake wa kitanda. Ninaogopa.

Alhamisi, tarehe 12

Muzee mumoja alibisha hodi. Jina lake Bahati, mufugaji wa Masisi, vita ilimuleta kambini. Siku ya muchezo alikaa musitari wa mbele. Mukono umevimba, umefungwa na kipande cha bashi. Alivua kofia, akanishukuru. Kunishukuru!

Alinieleza. Kwao, ngombe ikiibwa na mutu wa nguvu, hakuna anayesema wazi. Mwenye kujua anapitisha habari ndani ya masihara, mbele ya watu, na mwenye ngombe anaelewa. Basi wengine wote waliona muchezo, yeye alipata habari. Jana alikwenda Himbi, akasimama kwenye lango la depute, akaita ngombe yake kwa jina. Bihogo. Walinzi wakamupiga.

Nikamuambia muzee, niliitunga. Akatabasamu. "Usiogope, mama. Bihogo aliniitika." Anataka niende naye kwa shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa, niwe shahidi yake.

Nilimukaripia. Halafu nikamupa chai.

Ijumaa, tarehe 13

Nilikwenda. Si kwa shefu. Nilikwenda naye Himbi ili ajionee kwamba amekosea, anyamaze, Kambale asife kwa sababu ya ngombe.

Tulipita nyuma ya ukuta, pale panapotokea maji machafu. Walinzi walikuwa mbele, wanakula. Muzee akaita, sauti ndefu, ya pole, kama anaamusha mutoto. Kimya. Nikamushukuru Mungu.

Halafu ngombe ikalia ndani. Moja tu. Ikaja mbio mupaka kwenye ukuta. Nikachungulia katikati ya mawe. Sikio la kushoto limepasuka, vile vile alivyoniambia njiani. Muzee aliingiza vidole katika tundu, ngombe ikavilamba. Akawa anaisemesha Kinyarwanda, machozi yanashuka, hata hayafuti.

Afazali nisingeona.

Jumamosi, tarehe 14

Nimesema. "Ni uongo, niliutunga mimi mwenyewe." Wiki iliyopita ningesema hivyo kwa moyo mweupe.

Mutangazaji akaniongezea maneno: hakuna mukimbizi hata mumoja mwenye ngombe kule Himbi. Nikarudia. Sauti safi, ile ya jukwaani. Akasema aksanti mama, akaweka muziki.

Kambale alitoka jioni. Sikio moja halisikii tena. Kila mara: "Unasema?" Nimemuogesha. Habari ya muzee sijamuambia. Wakiniita tena kesho, nitasema tena yale yale. Ninajichukia, lakini nitasema.

Jumapili, tarehe 22

Kambini. Nilipeleka unga na kitambaa safi cha kufungia mukono.

Muzee Bahati alikuwa amekaa mulangoni kwa bashi yake, redio ndogo karibu ya muguu. Alinigeuzia bidoni nikae. Akauliza kama bwana yangu alitoka. Nikasema alitoka.

"Ni muzuri," akasema. Basi.

Jirani mumoja akapita, akamuita muongo, bila hata kushusha sauti. Nilimufunga muzee mukono upya. Haunyooki.

Nje watoto walikuwa wanacheza muchezo wetu. Mumoja amejifunga kamba nyuma, analia "mbuuu", wenzake wanakufa na kicheko. Kila mara alipolia, muzee aliinua kichwa.